Hodi ya Saa Tisa

Alipiga hodi mara tatu, saa tisa za usiku,
akabaki kizingitini, mvua ya Tukuyu ikimchuruzika kofiani.
Mlango ulikuwa wazi. Hata paka wa jirani
huingia kwenye tanuri letu bila kuuliza.
Yeye akasubiri niseme karibu,
nami, unga hadi viwikoni,
nikasema moyoni: huyu kalelewa.

Kumbe si malezi. Ni masharti.

Mkate hakununua. Alinusa hewa, akakunja uso:
"Samahani dada, damu yako nyepesi.
Ukiinuka, unapata kizunguzungu?"
Ninapata. Tangu Pasaka.
"Na kucha zinakatika?"
Zinakatika.
Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli,
huruma ya mtu aonaye gari zuri limeishiwa mafuta.

Kesho yake alileta rozela, dumu la lita tano.
Keshokutwa maini, kayafunga kwa jani la mgomba.
Halafu mchicha. Halafu maini tena.
Wanaume niliowajua kabla yake walileta vocha.

Jina lake Ambilikile. Kazi ya mchana hana.
Amehamia huku kwa ajili ya hali ya hewa:
Kyela alikaa miezi miwili, jua likamtoa malengelenge,
na mbu wa kule, alisema kwa uchungu wa mfanyabiashara,
"hawapigi hodi, na wanaharibu soko."
Tukuyu, jua huomba ruhusa kwa ukungu.
Mara nyingi hunyimwa.

Nilipomuuliza waziwazi, alitazama viatu vyake.
"Ndiyo. Lakini mbuzi. Ng'ombe.
Na kwa kiasi."
Nikauliza umri. Boma la Mjerumani, akasema,
aliliona likiwa bado lundo la mawe.
Nikamwambia anaonekana wa thelathini na nne.
Akatabasamu, akasahau kuziba mdomo:
meno mawili marefu kidogo,
kama herufi zilizopitiliza mstari.

Mama akaniona mashavu yamerudi. "Tupokigwe, ni nani?"
Nikamwambia.
Akanyamaza muda wa kumenya ndizi tatu.
"Mnyonya damu anayekuongezea damu?
Mwanangu, huyo anafuga."

Neno hilo nilimpelekea usiku uleule, likiwa bado la moto.
Hakukasirika. Alisema tu, "Siku ile ya bati."
Siku ile bati la mkate lilinikata kidole,
akatoka mbio mvuani, akasimama mgombani
kanipa mgongo, anahesabu kwa sauti kwa Kinyakyusa cha zamani,
hadi nilipofunga kitambaa.
Kisha akarudi mlangoni, akapiga hodi upya.

Basi akaja kwetu, giza likishaingia, na mshenga aliyekuwa akitetemeka.
Wajomba walijiandaa kwa maneno makali, na chumvi mifukoni.
Bibi Syabumi akainua tochi, akammulika usoni:
"Huyu namjua. Mwaka wa nzige
aliazima jembe la baba yangu.
Hajarudisha."

Nyumba nzima ikashusha pumzi.
Mashetani yakasahauliwa, kesi ikawa ya jembe.
Ambilikile akapiga magoti. "Ni kweli, mama. Niliona aibu kurudi."

Mahari ikapangwa: ng'ombe sita
(walifika wamepauka fizi kidogo, tukanyamaza),
blanketi la Bibi, na jembe.
Akalileta lina kutu, mpini mpya.
Bibi akalipima mkononi. "Na riba?"
Akaongeza mbuzi.

Mtaani wanasema damu zetu zimepatana.
Tunakaa nyuma ya tanuri, pazia zito, mikate inaiva,
yeye analala ndege wanapoamka.
Nimemwambia nyumba ni yake, aingie tu.
Bado anapiga hodi. Nami huwa nachelewa makusudi
kusema karibu, nimsikie akikohoa kule nje.

Vitunguu saumu nimeacha.
Kwenye mchuzi wa maharage, sitadanganya,
bado navililia.